Mfuaji wa Chini ya Soko

Jibini ndiyo iliyoanza kunuka sufu iliyolowa. Mavis Thackray alikata kipande, akanusa, akakitupa. Akakata kingine, harufu ile ile. Dukani mwao, kando ya uwanja wa soko la Marlstow, hapakuwa na kondoo wala blanketi bichi. Kulikuwa na tundu tu ambalo mumewe Cyril alikuwa amelitoboa ukutani, kule chini ghalani, ili wapate nafasi zaidi.

"Mji unakua, mke wangu," alimwambia. "Na sisi tukue."

Kila mtu Marlstow alijua kwamba chini ya soko unapita mto. Zamani, biashara ya sufu iliponoga, wakubwa wa mji walitaka uwanja mpana, wakaujengea mto paa la mawe. Mama mmoja mfuaji wa nguo akagoma kuondoka mahali pake pa kazi mtoni. Mawe yakapangwa hivyo hivyo juu yake. Hakuonekana tena, na watu hawakupenda kulizungumza.

Kesho yake ikaja sauti: pwa, pwa, pwa, nguo ikipigwa jiweni.

"Unasikia?" Mavis akanong'ona.

"Mabomba hayo," Cyril akajibu, lakini hakumtazama.

Siku ya soko, mchana kweupe, wachuuzi wakinadi viazi na kuku huko nje, Mavis aligeuka asimwone mumewe, akashuka ngazi akimwita, harufu ikimjia nzito kana kwamba amefunikwa uso kwa ngozi ya kondoo, na ile pwa, pwa ikienda sambamba na moyo wake, mpaka akamwona Cyril kifua wazi, amepiga magoti mbele ya tundu, anapitisha shati lake gizani, na mikono miwili myeupe, iliyokunjamana kwa maji, ikiliacha shati lianguke na kumshika yeye, ikimvuta taratibu.

"Cyril! Toka hapo, wewe!"

"Anasema mimi mchafu," Cyril akajibu kwa sauti ya usingizi. "Anasema mji wote mchafu."

Mavis akamkumbatia kiunoni, akapiga yowe. Kasisi Gilpin, aliyekuwa akinunua mayai pale nje, akashuka mbio na kikapu chake, akaomba mpaka sauti ikamkauka. Mikono haikulegea.

"Mama," Mavis akalia, "tulikufungia wewe. Tulikosa. Mwachie mume wangu, nenda unakotaka!"

Mikono ikaachia. Pwa, pwa ikaondoka chini ya soko, chini ya viwanda vikuukuu vya sufu, chini ya stesheni, na kila ilipopita watu wakanyamaza, vikapu mkononi, hadi ikapotelea upande wa nyumba mpya zilizojengwa pembeni mwa mji.

"Ameondoka," kasisi akasema. Cyril alikuwa akilia kama mtoto.

Simu ya dukani ikalia, Mavis akapanda kuipokea. Alikuwa Doreen, dada yake Cyril, aliyehamia mojawapo ya nyumba hizo mpya juzi tu na kichanga chake.

"Wifi," alinong'ona, "kuna mama amesimama bafuni kwangu. Amelowa chapachapa. Anasema nimpe mtoto amwogeshe."