Mkono Unapozunguka

Mwanaume alikuwa anapuliza pazia.

Sia alimwona kwa pembeni huku akimfungia mteja shuka. Ilikuwa Jumamosi na Soko la Kilombero lilikuwa limefurika. Wauza nyanya na wauza viatu walikuwa wanashindana kwa kelele. Katikati ya rundo lake la mapazia ya mtumba alisimama kijana mrefu, shati lake la drafti limepauka mabegani kwa jua. Aliokota pazia, akalibandika mdomoni, akapuliza, akatikisa kichwa. Akaokota lingine.

"Zakia, njoo uone," Sia alinong'ona.

Zakia, rafiki yake aliyeuza vyombo vya plastiki meza ya pili, alinyoosha shingo. "Huyo ni mganga au mgonjwa?"

"Sijui. Muulize."

"Mapazia ni yako, muulize wewe."

Sia hakuwa mwepesi wa kuongea na watu asiowajua. Alirekebisha kilemba, akakohoa kidogo. "Kaka, mapazia yangu yana moto?"

Kijana alishtuka, akacheka. "Samahani, dada. Natafuta linalopitisha pumzi. Pumzi ikipita, na sauti inapita."

"Sauti ya nani?"

"Ya gitaa. Natengeneza amplifaya. Mbele ya spika naweka kitambaa, na kikiwa kizito gitaa linaongea kama mtu aliyefunikwa blanketi."

"Si ununue tu dukani? Zimejaa," Zakia aliingilia.

"Za dukani ni nyingine. Zangu ni za taa."

"Taa za Krismasi?"

"Taa za kioo, dada yangu, kama zile za redio za mababu. Unawasha, unasubiri zipate moto, ndipo zinaimba."

Zakia alimgeukia Sia na kuzungusha macho. Lakini Sia alikuwa ameshavuta pazia la kahawia lenye nyuzi za dhahabu kutoka chini ya rundo. Alilinyanyua mbele ya uso na kulipuliza. Pumzi yake ikapita, ikamgusa kijana mashavuni.

"Hili linapitisha," alisema.

"Kweli," alijibu yule kijana, akimtazama Sia kwa juu ya pazia. "Naitwa Elinami. Wa Kikatiti."

Jioni hiyohiyo simu ya Sia iliita. Zakia ndiye aliyekuwa ametoa namba.

"Mama Mapazia, hujambo?"

"Sijambo, Fundi. Kitambaa kimekubali?"

"Kimekubali. Mwenye kitambaa ndiye sijui."

"Mwenye kitambaa anapika ugali."

"Basi usikate simu. Iweke hapo jikoni nisikie unavyosonga."

Sia alicheka mpaka mama yake akachungulia kutoka sebuleni kuuliza kulikoni.

Kuanzia hapo akawa anakwenda Kikatiti Jumapili baada ya ibada, gauni la kanisani likiwa bado mwilini, viatu vya kubadilisha ndani ya mfuko. Elinami alikuwa na chumba nyuma ya nyumba ya mama yake, kimezungukwa na migomba. Siku za wiki alitengeneza redio na televisheni za watu pale senta. Chumbani ndiko alikofanya kazi aliyoipenda. Kulikuwa na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka na ya mbao mpya. Mezani palikaa sinia la bati alilolitoboa matundu, na kwenye kila tundu ilisimama taa moja ya kioo.

"Zima balbu," Elinami alimwambia siku ya kwanza. Sia akazima. Taa zile zikaanza kuwaka polepole, rangi ya makaa. Elinami alikuwa anapima kitu ndani ya sinia kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameuficha mgongoni.

"Mbona unapima kama askari wa gwaride?"

"Humu kuna umeme wa kuua. Ukishika kwa mikono miwili unapita moyoni. Ukitumia mmoja, una nafasi."

"Na mimi nikae wapi?"

"Wewe ulishapita moyoni. Kaa popote."

"Acha zako wewe!" Sia alimrushia kitambaa. Kisha Elinami alichomeka gitaa, akapiga nyuzi tatu tu. Sauti ilitoka nene na yenye moto, ikasikika mpaka kifuani. Tangu baba yake afariki hakuna kitu kilichomgusa Sia namna ile. Akasema, "Piga tena."

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya transfoma, ile ya kutoa sauti kutoka kwenye taa na kuipeleka kwenye spika. Elinami hakuweza kuipata Arusha, kwa hiyo aliisuka mwenyewe. Alikuwa amefunga kibao mezani chenye kishikio cha pedeli ya baiskeli. Mkono wa kulia ulizungusha, wa kushoto uliongoza waya wa shaba mwembamba kama unywele. Mizunguko ilikuwa maelfu, naye aliihesabu kwa midomo. Akikosea hesabu, anafumua yote. Waya ukikatika, ameumia. Kazi ya Sia ilikuwa kukata karatasi ya nta na kuiweka kila safu inapokamilika.

Chumba kile kilikuwa na sheria moja: mkono unapozunguka, hakuna anayeongea.

Sia aliipenda sheria ile. Kwa mtu aliyezoea kuambiwa "mbona huongei", palikuwa mahali pa kupumzika. Walikaa magoti yakigusana, shaba ikimeta, na kila baada ya safu Elinami alimbusu kidole kilichoshika karatasi.

Mwezi wa tano baba mkubwa wa Sia, mzee Sylvanus, alikuja nyumbani kwao Daraja Mbili kutoka Moshi. Alikunywa chai, akamwita Sia, akamwambia kuna kijana wa watu anaitwa Ludovick, ana duka la vifaa vya ujenzi Usa River, ni Mkristo, ametulia, na wazee wake wanataka kuja kubisha hodi.

"Mimi simlazimishi mtu," alisema mzee. "Nauliza tu. Una mtu wako? Kama yupo, jina lake nilijue, na aje na watu wake. Kama hayupo, nisiwazuie wenzetu mlangoni."

"Nipe mpaka Jumapili jioni, baba," Sia alisema.

Jumapili ile alifika Kikatiti na maneno yamemjaa mdomoni. Elinami hakumwona uso. Alikuwa amekazana kama mtu aliyebeba maji kichwani. Transfoma mbili zilikuwa zimemharibikia wiki ile, na waya uliobaki ulikuwa wa mwisho. Bendi moja ya hotelini ilitaka amplifaya.

"Kaa, mpenzi. Leo tusipumue," alisema, akaanza kuzungusha.

Sia alikata karatasi. Safu ya kwanza, ya pili. Akasubiri asimamishe mkono ale, anywe maji, amwangalie. Hakusimamisha. Jua lilianza kuteremka upande wa Meru. Mzee Sylvanus alikuwa anamsubiri mjini. Na labda, kwa aibu yake, aliona ni rahisi kusema wakati macho ya Elinami yako kwenye waya.

Kwa mara ya kwanza akavunja sheria.

"Elinami. Baba mkubwa ameleta mtu. Ameniuliza kama nina mtu wangu." "Niseme ninaye?"

Mkono uliendelea kuzunguka. Midomo iliendelea kuhesabu.

Sia alingoja safu nzima. Akaweka karatasi ya nta kwa uangalifu kama siku zote, akailainisha kwa kidole gumba. Akangoja nyingine. Kisha akabadilisha viatu, akachukua mfuko wake, akatoka. Mama Elinami alikuwa anapalilia migomba.

"Mbona mapema, mwanangu?"

"Shikamoo, mama. Nawahi nyumbani."

Elinami alipofunga ncha ya mwisho ya waya alipiga kelele ya furaha. Akageuka, akakuta kiti kitupu.

Alipiga simu usiku, haikupokelewa. Akapiga asubuhi. Sokoni, Zakia aliitazama simu ikitetemeka juu ya mapazia.

"Usipokee," alisema. "Kikatiti siyo Marekani. Akikutaka atakuja kwa miguu yake."

"Na kama hakunisikia?"

"Ulisema kwa sauti au kwa moyo?"

"Kwa sauti."

"Basi aje."

Elinami hakuja. Simu zisizopokelewa alizitafsiri kwa namna yake: Sia ameshamchagua mtu mwingine. Akajiambia kwamba mwanaume haendi kwa watu mikono mitupu. Amalize kwanza amplifaya, bendi ichukue, ndipo aende na mjomba wake akiwa na la kuonyesha. Hivyo aliifanya kazi kwa bidii, na bidii ile ikala wiki baada ya wiki. Mzee Sylvanus naye alikuwa ameombwa muda na Sia, akatoa muda, mpaka ukamwishia. Wageni wa upande wa Ludovick wakapangiwa Jumapili.

Ijumaa Sia alipiga mwenyewe.

"Mambo, Fundi."

Upande wa pili kitu kikaanguka. "Sia? Sia wangu, ni wewe?"

"Ni mimi. Jumapili wageni wanakuja nyumbani."

"Njoo kesho. Tafadhali. Njoo kabla hawajaja."

"Kwa nini wewe usije?"

"Kuna kitu hakibebeki. Njoo usikie, halafu nitarudi na wewe. Nimeshamwambia mjomba. Kesho hiyohiyo tunakwenda wote kwa mzee."

Sia alikata simu, akamkuta Zakia amemtolea macho. "Amesema anakuja na mjomba," alisema, na uso wake ukachanua hata mteja akamuuliza kama leo kuna punguzo.

Jumamosi alivaa gauni la kitenge la kijani, nywele amesukwa upya, na hereni ndogo za mama yake. Elinami alimpokea barabarani akiwa na shati jeupe lililonyooshwa mistari. Kwa sababu palikuwa na watu hawakukumbatiana, ila walitembea mabega yakigongana mpaka nyumbani. Mjomba alikuwa ameshafika, anakunywa chai na mama mtu, koti la suti limetundikwa kwenye kiti.

Chumbani amplifaya ilikuwa juu ya meza, sanduku la mninga lililong'arishwa, mbele limefunikwa kitambaa cha kahawia chenye nyuzi za dhahabu. Elinami alipiga gitaa. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Sia alifumba macho, na machozi yakapita chini ya kope.

"Hii siwauzii bendi," Elinami alisema. "Hii ni yetu. Na ona." Alimvuta kwenye kibao cha kusukia. Pembeni ya kishikio alikuwa amefunga kihesabio kidogo cha tarakimu alichokitoa kwenye redio kaseti ya zamani. Alizungusha, tarakimu zikapanda zenyewe. "Kinahesabu badala yangu. Sasa naweza kuongea nikizungusha."

Sia aligusa kile kihesabio. Kilikuwa kitu kidogo, cha kuokoteza. "Kilikuwa wapi siku zote?"

"Kwenye boksi la makorokoro. Sikuwahi kukiwazia."

Alicheka, naye Sia akacheka. Ingeweza kuishia hapo. Mjomba alikuwa anaita kutoka nje kwamba jua linakwenda. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Sia alilibeba wiki zote zile, akilala nalo na kuamka nalo. Alikuwa ameshamtengenezea Elinami jibu lake. Alichotaka ni kulisikia tu.

"Siku ile," alisema, "hukunisikia, eti?"

Elinami alimtazama. Aliona jibu analoombwa, limewekwa mbele yake kama chai. Lakini alikuwa mtu wa kazi isiyokubali uongo, na alimpenda, akadhani kumpenda ndiko huku.

"Nilikusikia."

"Ulisikia nini?"

"Uliuliza kama useme unaye." Sauti yake ilishuka. "Nilikuwa nimebakiza kidogo, Sia. Waya ulikuwa wa mwisho. Nilisema moyoni, nimalize hii, nigeuke nimwambie ndiyo. Nilikuwa nakujibu ndiyo moyoni kila mzunguko, haki ya Mungu."

Sia alitoa mkono kwenye kihesabio.

"Nilisubiri safu mbili," alisema. "Nilikuwekea karatasi."

"Najua. Niliona mkono wako."

"Uliona unatetemeka?"

"Niliona," alisema Elinami.

"Nilikuwa tayari kukusamehe uziwi, Elinami."

"Sia, mjomba yupo pale nje. Twende. Nitamwambia mzee mwenyewe, nitapiga magoti."

"Mwambie mjomba asamehe usumbufu." Alivua viatu vya kubadilisha, akavaa vya safari. Hakulia tena. Alimuaga mjomba, akamuaga mama, akaenda barabarani peke yake, kijani chake kikaonekana kwa muda mrefu katikati ya migomba.

Jumapili wageni walikaa sebuleni Daraja Mbili, suti na vitenge. Sia aliitwa. Mzee Sylvanus aliuliza kwa sauti ya upole, kama desturi inavyotaka, watu wote wasikie.

"Binti yangu, una mtu mwingine?"

"Sina, baba."

Mama yake alimwangalia mara moja, akainamisha macho kwenye trei ya soda.

Ludovick alikuwa mtu mwema. Hilo hata Zakia alilikubali. Baada ya wiki chache alimpeleka Sia Usa River kumwonyesha nyumba anayoimalizia. Walikaa ndani ya pikapu mbele ya kuta zisizopakwa rangi. Magari ya mizigo yalikuwa yanapiga honi barabarani, hivyo Ludovick alipandisha vioo, akazima injini, akamgeukia na mwili wote.

"Wewe huwa huongei, mama," alisema. "Leo niambie chochote. Sina haraka, nakusikiliza."

Sia aliona kwamba ni kweli, anasikiliza. Alitafuta cha kumwambia. Alitafuta kwa dakika nyingi, mikono mapajani, na Ludovick alisubiri bila kuangalia saa. Hakupata hata neno moja.