Beberu Aliyechaguliwa Timu ya Mkoa

Ndugu wananchi wa Dunia, wa Mwezini na wa vituo vyote vya angani, tulieni! Leo historia inaandikwa katika Shule ya Wasichana Mlimamvua, huko Tukuyu, ambako sayansi imeshinda ugonjwa, uchovu na uvivu kwa mkupuo mmoja.

Asubuhi hiyo sayansi ilikuwa imesimama kwenye ukungu ikimpongeza beberu.

Lakini tuanze vizuri. Kila mwanafunzi wa Mlimamvua huvaa kikukupima, bangili nyembamba inayosoma mapigo ya moyo, joto na damu. Kisiposoma mwili, king'ora hulia. Habari zote huenda kwa Kochamashine, roboti wa miguu mitatu, ambaye huamua nani akimbie na nani aketi. Tangu afike, hakuna msichana aliyezimia uwanjani. Shule nzima ilijivunia.

Tusekile, kiongozi wa nyimbo za mchakamchaka, alikuwa na shida moja. Kila alipoingia hedhini kikuku kiligeuka chekundu, naye akawekwa benchi. Safari hii mchujo wa timu ya mkoa, mbio za kupanda mlima, uliangukia siku hizo hizo.

"Keti, Tusekile. Mwili wako unahitaji mapumziko."

"Mwili wangu naujua, kaka. Tumbo linavuta kidogo, lakini miguu haina habari."

"Sina mahali pa kuweka maneno hayo," alijibu Kochamashine.

Tusekile alikwenda kulia bwenini. Hapo ndipo mwanafunzi mmoja, mwenye akili nyingi na sura ya kupendeza, alipomwambia, "Shoga, nipe hicho kikuku. Usiulize."

Alfajiri kikuku kikawa shingoni mwa Mkaguzi, beberu wa shamba la shule, aliyepewa jina hilo kwa ndevu zake na kwa kuingia ofisini bila hodi.

"Hongera, Tusekile!" vipaza sauti vilinguruma. "Hedhi, hakuna. Moyo, imara. Umeruka ua kwa ustadi. Umechaguliwa timu ya mkoa. Tahadhari! Joto lako ni homa kali. Machela inakuja."

Machela ya angani, ndege ndogo isiyo na rubani, ikashuka na kumkimbiza Mkaguzi kati ya migomba, ikimsihi kwa upole, "Tulia, binti yangu. Vuta pumzi." Mkaguzi akaitwanga pembe.

Huku mlimani, Tusekile alikuwa mbele, mkono mtupu, akiimbisha.

"Mlima huu wa nani?"

"Wetu!"

"Hata mvua ikinyesha?"

"Wetu!"

Akamaliza wa kwanza, sauti ikiwa bado nzima. Madam Subilaga, mwalimu wa michezo, alimtazama yeye, akamtazama beberu, akaelewa.

"Uko hedhini?"

"Ndiyo, madam."

"Unaumwa?"

"Kidogo. Benchi lingeniuma zaidi."

Madam akamgeukia Kochamashine. "Ulimwuliza?"

"Mimi hupima. Kuuliza sikufundishwa."

Wa kumfundisha alikuwa madam, na tangu roboti afike, yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuuliza. Ndipo Atuganile, mwanafunzi ambaye kikuku chake hubaki kijani na kumkimbiza hata akiwa amejikunja kwa maumivu, akainua mkono polepole.

"Na mimi naomba niulizwe, madam."

"Utaulizwa," madam alisema. "Kuanzia leo, Kochamashine, utauliza kwanza na kupima baadaye. Na Tusekile atatukimbilia mkoani."

Shangwe za wasichana ziliwarusha ndege mitini. Kisha madam akakohoa.

"Sasa. Nani alimvisha beberu?"

Msimulizi wa habari hii haegemei upande wowote, na hana la kusema. Bahati mbaya, kikuku kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya kiatu ya zambarau. Madam akapita mstarini akikagua viatu, hadi akasimama mbele ya kimoja kilichopanua mdomo kama mtu apigaye mwayo.

"Bupe, kamba yako iko wapi?"

Ndugu wananchi wa Dunia na wa Mwezini, ni mimi.

"Shingoni mwa Mkaguzi, madam. Na ningefanya tena. Ila naomba nirudishiwe, maana ameshaanza kuitafuna."