Aliyekaa kwenye Ukoka wa Rahabu

Doa la kwanza lilitokea karibu na geti, la njano, pana kama ungo. Rahabu akamsingizia mbwa wa jirani. La pili lilipotokea hatua chache kuelekea nyumbani, akasema ni mbolea iliyomwagika. Ukoka ule, jamani, ndio uliokuwa ukimpa kichwa hapo Lushoto, na Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake, Happiness. Viti vingepangwa juu yake. Akamwita Hashimu, bwana shamba.

Hashimu alipiga magoti, akavuta majani. Hayakung'oka.

"Basi si funza wa mizizi," akasema. "Na mkojo wa mbwa huunguza katikati, pembeni pakanawiri. Hapa hapajaungua." Akayachambua majani, yakaonekana meupe lakini mazima. "Haya yamekosa mwanga tu, mama. Yamefunikwa. Nani anaanika maharage hapa?"

"Hakuna."

"Basi anakaa nani? Tazama. Hapa makalio, na hii michirizi miwili ni miguu. Amekaa ameinyoosha."

Rahabu alihisi uso unawaka, na haikuwa woga. Ilikuwa aibu. Alimjua vizuri mtu aliyekuwa akikaa vile pale getini, juani, akipukuchua maharage: Bibi Eliza, mama mkwe wake, aliyekuja kutoka Lukozi kuishi nao. Mwezi uliopita Stephano, mshenga wa wakwe, alimkuta hapo, miguu peku, kanga imechakaa, akauliza ni nani. Rahabu akajibu, "Kibarua wetu." Sijui shetani gani alimpitia! Bibi alisikia. Alikunja mkeka wake, akapanda Hiace akarudi Lukozi. Alen, mwanawe na mume wa Rahabu, aliambiwa mama amekumbuka shamba.

Hashimu aliweka kiganja juu ya doa jipya, akakiondoa upesi.

"Lina joto," akanong'ona. "Mama, dawa yangu haifiki huku. Nenda Soni kwa Bi Shamsa. Na mimi sijakwambia kitu."

Rahabu, mwimbaji wa kwaya ya usharika, alikwenda Soni amejitanda mtandio mpaka puani. Mganga alimsikiliza hadi mwisho.

"Huyo ni jini," akasema. "Umemkana mtu, kiti chake kikabaki wazi, naye akakikalia. Mrudishe mwenyewe, umtake radhi mbele ya huyo mshenga. Mwenyewe akikusamehe, jini atampisha. Ila jini akiwahi kuingia ndani, usije kunigongea mimi."

"Mbele ya Stephano? Si nitakufa kwa aibu!"

"Hapa Soni sijamzika aliyekufa kwa aibu," akajibu Bi Shamsa.

Unadhani alifanya haraka? Kila siku alisema kesho, na kila siku doa jipya lilisogea kuelekea mlangoni. Ijumaa mchana ukungu ulishuka kutoka mlimani, ukameza geti, ukameza ua, na Rahabu akiwa jikoni akasikia huko nje maganda makavu yakipasuka, pa, pa, polepole, akanusa vumbi la maharage lililochanganyika na harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, na alipochungulia hakuona mtu, ila majani yaliyokuwa yakilala yenyewe chini ya uzito fulani, hatua tatu tu kutoka kizingitini. Alikimbilia chumbani akamweleza Alen yote. Alen hakufoka. Alitoa funguo za gari akaziweka mezani tayari, na Rahabu akatamani angefoka.

Alfajiri Alen akaondoka na gari kwenda Lukozi kumchukua mama yake.

Wakwe walifika na ukungu haujafunguka. Stephano alibeba blanketi la bibi, maana posa haikai sawa bibi mzaa baba asipofunikwa. Hawajamaliza hata kusalimiana, Happiness akapiga kelele za furaha: "Bibi huyo!" Kweli, alikuwa amekaa karibu na mlango, miguu ameinyoosha. Rahabu hakungoja hata kutazama kwenye ukungu kama gari la Alen limerudi. Alipiga magoti mbele ya watu wote.

"Shikamoo mama. Mzee Stephano, siku ile nilikudanganya. Huyu si kibarua. Huyu ndiye aliyemzaa mume wangu, nami nilimwonea aibu. Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu."

Vigelegele! Stephano akafuta machozi, akamfunika bibi blanketi. Rahabu alilia kwa nafuu.

"Niingizeni ndani," bibi akasema. "Baridi."

Happiness akamshika mkono. Hapo simu ya Rahabu ikaita.

"Mke wangu, tumekwama Magamba, mti umeziba barabara," Alen alisema. "Tuombee radhi kwa wageni. Mama yuko hapa na mimi, anakusalimu."

Rahabu aligeuka. Walikuwa wameshavuka kizingiti, mjukuu na yule mwenye blanketi. Alifungua mdomo kupiga yowe, akakuta macho ya wakwe wote yako kwake, yamejaa heshima ambayo hakuwahi kuipata. Angewaambia nini? Angemkanaje mama mkwe mara ya pili, mbele ya watu walewale?

"Nani huyo kwenye simu?" Stephano aliuliza.

"Jamaa tu," Rahabu akasema, akatabasamu.

Mlango ukafungwa kwa ndani.