Almasi Hung'ang'ania Mafuta

Mnada wa Tarime ulikuwa umefurika ng'ombe na vumbi, miaka ya hamsini hiyo, fahali alipokata kamba na kumvamia Mokami, binti wa mzee Machage. Kijana mmoja wa kaptula ya kaki na viatu vizito vya mgodini alimvuta pembeni. Kibuyu cha maziwa alichobeba msichana kikapasuka.

"Nimekuokoa wewe, maziwa yamenishinda," akasema kijana.

"Ungeokoa maziwa. Mimi nina miguu."

Huyo ndiye Werema, aliyetoka kufanya kazi kwenye mgodi wa almasi huko Usukuma. Tangu hapo kila mnada wakawa wanatafutana kwa macho. Siku aliyoahidi kuleta ng'ombe wa mahari, Werema alimwekea kiganjani jiwe jeupe, angavu kama maji ya chemchemi.

"Nimeliokota mtoni Robanda, nikienda kumwona mjomba. Likae kwako, mpenzi."

Mnada uliofuata, askari walimkamata Heche, naye mtu wa mgodini, kwa kijiwe kilichokutwa mfukoni. Hakuna aliyemwuliza alikitoa wapi. Almasi ghafi bila kibali, jela. Na kibali mtu mweusi angekipata wapi? Ardhi ya babu zetu, mvua yetu ndiyo iliyoliosha jiwe, lakini ukiinama kuliokota unainukia gerezani! Wako wanaotuambia tusahau. Wasahau wao.

Mokami alirudi kwao Nyanungu mbio. Akalikwaruza jiwe kwenye chupa, chupa ikabaki na mstari mweupe. Almasi! Mwanaume huyu ameiba, akanitwisha mimi mzigo wake! Asubuhi hiyo alikuwa ameanza kusiriba nyumba ya mama yake kwa samadi mbichi. Akalididimiza jiwe ukutani, akapaka juu yake, akilia.

Jioni Werema alimkuta bado ana samadi mikononi.

"Usinisogelee. Jiwe lako limekata chupa!"

"Jiwe la kioo la mtoni pia linakata chupa, Mokami. Hata kisu linakikwaruza."

"Kwa hiyo si almasi?"

Werema akainua chupa, akapitisha kidole kwenye mstari ule.

"Sijui. Nililipenda tu."

"Na kama ndiyo?"

"Mtoni au mgodini, jela ni ile ile."

Wakalifukua, wakaliosha. Werema akalipima kiganjani: almasi ya ukubwa ule ingelemea zaidi. Akalipulizia pumzi. Kwenye almasi ukungu hutoweka mara moja, hapa ulikawia. Almasi ghafi hung'aa kama imepakwa mafuta, hili liling'aa kama kioo cha dirisha. Lakini akawa analigeuza tena na tena, Mokami akaona.

"Bado huna hakika."

"Lete mafuta ya ng'ombe. Mgodini tulipaka grisi mezani, tukapitisha changarawe na maji. Mawe mengine yote huenda na maji. Almasi hung'ang'ania."

Mokami akaleta kipande cha kile kibuyu kilichopasuka mnadani, alikuwa amekitunza. Akakipaka mafuta. Werema akalilowesha jiwe, akaliweka juu ya kipande, akakiinamisha, akamimina maji. Jiwe likasita. Mokami akajishika shingo. Kisha likateleza, likaangukia majanini.

"Si kitu!" akapiga kelele. "Werema, si kitu kabisa!"

Hawajapata kutokea wapenzi walioshangilia hivyo kwa zawadi isiyo na thamani. Kisha Werema akageukia zizi.

"Uliniita mwizi."

"Moyoni tu."

"Moyoni ndiko nilikokuwa nakaa."

Mokami aliokota jiwe, akachota samadi, akalibandika kando ya mlango, safari hii uso wake nje, likashika jua la mwisho.

"Kila atakayeingia hapa ataliona, na nitamwambia limetoka kwa nani. Ng'ombe unaleta lini?"

"Kesho kutwa," akasema Werema, tabasamu likimponyoka.

"Lete kesho, kabla wakoloni hawajatunga na sheria ya ng'ombe."