Sahani ya Fagio

Kila asubuhi kabla ya chai, Fagio alifuta. Alifuta meza, viti, dirisha, hata majani ya maua ya mama yake. Malori ya mgodini yalipita mlangoni kwao kutwa nzima, na vumbi lake, jamani, halikuwa na adabu. Majirani ndio waliomwita Fagio, naye hakulichukia jina hilo.

Mwalimu wa sayansi aligawa sahani nyeupe, moja kila mtaa, ziwekwe nje kwa wiki mbili bila kuguswa. Mtaa ambao sahani yake ingejaa vumbi zaidi ungepelekewa boza la mgodi, lile lori la maji, liimwagie barabara kutuliza vumbi. Fagio, aliyekabidhiwa sahani ya mtaa wao, alisikia vizuri kabisa. Lakini sahani chafu mbele ya nyumba yao? Wageni wangesemaje? Basi kila akifuta dirisha, na sahani akaipitishia kitambaa.

Siku ya kupima, sahani yake iling'aa kuliko zote, na boza likapangiwa mtaa wa juu. Fagio alirudi nyumbani kichwa juu. Akamkuta mdogo wake ameketi kitandani, mabega yanapanda na kushuka, anaitafuta pumzi. Pumu ilikuwa imemrudia. Mama alimshikia dawa ya kuvuta, akasema kwa uchovu kwamba lau boza lingepita kwao, mtoto angepumua.

Fagio aliona aibu mpaka chakula kikamshinda. Kesho yake alisimama mbele ya darasa.

"Mwalimu, sahani yetu niliifuta mimi. Kila siku."

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alimpa sahani nyingine na siku saba.

Siku saba hizo zilikuwa mateso. Fagio alipita karibu na sahani mikono nyuma, vidole vinamwasha. Siku ya saba, ungeweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Mwalimu aliipeleka mgodini mwenyewe, na ratiba ikabadilishwa: asubuhi mtaa wa juu, mchana kwao. Haukupita mwezi, mdogo wake akawa analikimbilia boza, analowa na kucheka bila kukohoa.

"Usafi wako ni mzuri, mwanangu," Mwalimu alimwambia. "Ila kipimo hakifutwi. Ukificha vumbi, watu wako ndio wanaolivuta."

Sahani nyingine ikawekwa dirishani, vumbi liendelee kupimwa. Asubuhi Fagio alifuta meza, viti na dirisha. Sahani akaisalimia tu, akaenda kunywa chai.