Mwanamume Asiyeongopa Kuhusu Theluji

Ukumbi wa michezo wa shule moja ya Torrance ulifurika watu Jumamosi ile ya Oktoba, kwa kuwa ndiyo siku ya gulio la skii za mitumba, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, na watu wa Los Angeles wakisikia skii za mitumba husahau kabisa kwamba nje jua linachoma. Kiyomi Tachibana, mwalimu wa darasa la nne kutoka Gardena, alikuwa amevaa kaptura ya jinzi na fulana ya njano, na miguuni buti nyekundu za skii zilizomkaa raha mustarehe. Alikuwa ameshatoa pochi.

"Usizinunue hizo," mwuzaji akamwambia. "Ni kubwa kwako."

"Mbona ziko sawa? Hazinibani hata kidogo."

"Ndiyo maana nasema ni kubwa. Buti isiyokubana dukani itakutesa mlimani."

Kiyomi akamtazama vizuri. Alikuwa mrefu, ndevu zinaelekea wekundu, pua imebambuka kwa jua, sweta lake limetiwa kiraka kiwikoni.

"Kwani si wewe unayeziuza?"

"Ni mimi. Zilikuwa za dada yangu."

"Basi biashara huiwezi, kaka."

"Siiwezi. Meza ya tatu pale kuna za kijivu, namba moja chini. Zikikubana mpaka ukanilaani, ujue ndizo."

Kiyomi alikwenda, zikambana, akamlaani, akazinunua. Kisha akarudi kumwambia kwamba amemlaani, ingawa hakuna aliyemtuma. Hapo ndipo alipojua jina lake ni Benat Urrutia, mjukuu wa Wabaski, wahamiaji kutoka Hispania, waliochunga kondoo huko Bishop, na kwamba anafanya kazi Mlima Bodine, mwendo wa saa sita kwa gari kuelekea kaskazini.

Kazi yake yenyewe ilikuwa hii. Kila siku saa kumi na moja alfajiri alitoka nje, akaikanyaga theluji, akaishika mkononi, akarudi ndani kurekodi ripoti kwenye namba ya simu ya mlima. Mtu yeyote wa mjini angeweza kuipiga kabla hajaamua kufunga safari. Kwenye ripoti za milima mingine theluji ni nzuri kila siku ya Mungu. Benat, kama ni barafu tupu, alisema ni barafu tupu, bakini nyumbani mfue nguo. Bosi wake alinuna, lakini alimwacha aendelee, maana siku Benat akisema njooni, maegesho yalijaa kabla ya saa tatu.

Kiyomi akawa anampenda mtu huyo. Alianza kwa kuipenda sauti, nzito, yenye usingizi bado. Majira yote ya baridi alipanda Bodine kila baada ya wiki moja, na siku za katikati wakapigiana simu wakati wa chakula cha mchana, yeye akisahihisha madaftari, Benat akitafuna mkate kwenye kibanda chake.

"Umenikumbuka?" Kiyomi angeuliza.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Sentimita arobaini, na inaendelea kuanguka."

Ndivyo walivyotaniana. Kisha ikaja Aprili, na Aprili ndiyo iliyowaharibia.

Theluji ya masika ina mambo yake. Lazima igande usiku, kisha jua la asubuhi liilainishe kiasi, ndipo unapopata saa mbili tatu tamu za kuteleza. Isipoganda, inakuwa uji tangu alfajiri. Ijumaa moja Kiyomi alipiga simu kusema kesho anakuja, ameshafungasha, na ana jambo la kuzungumza naye. Jambo lenyewe lilikuwa Chile. Kila mwaka Benat huondoka katikati ya Mei kwenda kufanya kazi huko, ambako Juni ndiyo baridi inaanza, na hurudi Oktoba. Kiyomi alitaka kujua yeye anaingia wapi katika mpango huo.

"Usije," Benat akasema. "Siku tatu haijaganda. Saa sita barabarani kwa ajili ya uji? Haifai, mpenzi."

Alisema ukweli mtupu, kama alivyozoea, na akaona amemfanyia wema. Mtu wa skii humwonyesha mwenzake heshima kwa kumwambia ukweli wa theluji. Lakini Kiyomi alisikia mtu aliyemchoka anayetafuta pa kutokea. Akajibu sawa, akafungua begi, akazirudisha nguo kabatini moja moja. Benat alipopiga tena hakupokea. Alipopiga mara ya tatu akaiacha simu ikaita mpaka ikanyamaza. Naye Benat, huko juu, akajijengea hoja yake: kumbe alikuwa anapenda theluji tu, na theluji imekwisha.

Wiki tatu zikapita hivyo, na wote wawili walikonda.

Ijumaa ya mwisho wa msimu ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya Kiyomi. Alikuwa jikoni na dada yake mkubwa, Rumi, wakikunja maandazi ya nyama. Akauweka kwenye spika wausikie wote.

"Kiyomi, ni mimi. Imeganda vizuri sana. Kesho theluji itakuwa nzuri kuliko siku zote za mwaka huu. Njoo. Jumanne nasafiri."

Rumi akafuta unga mikononi. Akaanza kupiga hesabu ya saa: sita za kwenda, sita za kurudi, mbili za kuteleza. Akauliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayekubali biashara hiyo mwezi wa Mei.

"Unaenda kwa ajili ya theluji au kwa ajili ya mwanamume?" akauliza.

"Theluji," Kiyomi akajibu. "Huyu haongopi kuhusu theluji."

"Basi amekuita kama anavyoita wateja wengine. Mdogo wangu, usije ukajidhalilisha."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu ndilo aliloliogopa. Kama aliitwa kwa sababu theluji ni nzuri tu, basi Jumanne mtu ataondoka na hadithi itakuwa imeishia hapo. Asiende, hatajua kamwe.

Akaenda. Aliondoka alfajiri kukipambazuka, amevaa shati la maua makubwa mekundu, kwa kuwa wikiendi ya kufunga msimu Bodine watu huvaa kama wanakwenda ufukweni. Jangwa la Mojave likapita, Lone Pine ikapita, milima upande wa kushoto imebaki na weupe kileleni tu. Saa nne kasoro alisimama Bishop kununua mkate. Akakumbuka kwamba hajapaka nta kwenye skii zake. Kuna nta ya theluji kavu na nta ya theluji ya maji, na ukikosea unang'ang'ania pale pale. Kwa mazoea tu, akapiga namba ya mlima ajue apake ipi.

"Habari za asubuhi, hapa Bodine," ikasema sauti ile ile. "Haikuganda. Siku ya tano sasa. Juu ni uji, chini ni matope. Wa karibu njooni mchome soseji kwenye maegesho. Anayetoka mbali, abaki kwake."

Kiyomi akapiga tena, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua ujumbe wa jana, na sauti ile ile ikamwambia imeganda vizuri sana, njoo.

Alikaa kwenye gari, mkate wa moto mapajani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mtu aliyekataa kumdanganya mteja juu ya buti, aliyekataa kumdanganya bosi na mji mzima, alikuwa amemdanganya yeye. Kumbe hakuitwa kama wateja wengine. Hakupaka nta yoyote. Akawasha gari, akaelekea mlimani.

Maegesho yalinukia moshi wa soseji. Benat alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake na koti la kazi, pua imepakwa dawa nyeupe, anatazama barabara. Alipoona shati la maua masikio yakamgeuka mekundu.

"Theluji ikoje?" Kiyomi akauliza kabla hata hajafunga mlango.

Benat akatazama chini. "Uji mtupu."

"Jana uliniambia nini?"

"Nilidanganya. Miaka kumi na moja sijawahi. Ningesema ukweli usingekuja, na nilikuwa nakutaka wewe, Kiyomi. Nikasema ukifika utukane, utapike hasira, lakini utakuwa umefika."

"Nilisikiliza ripoti yako nikiwa Bishop."

Benat akainua uso taratibu. "Ulisikia haikuganda?"

"Mara mbili."

"Na bado ukaja."

"Si unaniona?"

Yule mwanamume mrefu akakaa chini kwenye ngazi yenye matope kama mtu aliyetua mzigo. Kiyomi akakaa kando yake, akamkatia mkate. Hapo wakaambiana yote, wema uliosikika kama kuchokwa, na hoja ya theluji tu, kila mmoja akishangaa ujinga wa mwenzake na kunyamazia wake. Benat akamwambia kwamba Chile Julai kunaganda kila usiku, na kwamba shule za Gardena, kama hakukosea, zinafungwa katikati ya Juni.

"Hilo la kuganda ni kweli, au ni kama la jana?"

"Ni kweli. Na hili pia ni kweli: nataka nikuoe."

Asubuhi iliyofuata, huko Gardena, Rumi alikuwa hajapata simu ya mdogo wake na moyo haukutulia. Mwishowe akapiga namba ambayo hajawahi kuipiga maishani.

"Hapa Bodine, ripoti ya mwisho ya msimu," ikasema sauti. "Haikuganda. Theluji ni mbaya, tunafunga saa nane mchana. Na Rumi, kama unasikiliza, mdogo wako yuko hapa anakunywa kahawa. Amekubali. Anasema buti bado zinambana."

Rumi akakaa kwenye kiti cha jikoni, akashusha pumzi, akaipiga tena kuisikiliza upya.