Mlio wa Mashine ya Babu

Kila alasiri akirudi shule, Ghada huvua viatu mlangoni, hula wali aliofunikiwa jikoni, kisha hufagia baraza ya nyumba yao ya mtaa wa Mutakura. Akifika kwenye pembe yenye soketi ya umeme, ufagio hupunguza mwendo. Hapo ndipo Babu Nasor alipokuwa akiwanyoa wajukuu wake.

Siku zile zilikuwa tamu kweli! Idi ikikaribia, wavulana wote wa ukoo walipangwa barazani, wengine wakilia kabla hata hawajaguswa. Babu aliuza vitambaa, wala hakuwa kinyozi, lakini kumlipa mtu mwingine amnyoe mjukuu wake aliona ni aibu. Ghada, wakati huo bado mdogo, alishika taulo. Kazi ikiisha, Babu alimwekea mgongo wa mashine ya kunyolea shingoni, na ule mtetemo ulimchekesha mpaka akakaa chini. Babu alifariki mwaka juzi. Mashine ilibaki kabatini ndani ya kopo la biskuti, na hakuna aliyeigusa.

Jumamosi moja Shangazi Tahani, dada wa baba yake Ghada, alilitoa kopo hilo. Shangazi alikuwa akisomea chuo kikuu kazi ya kuwasaidia wagonjwa warudishe nguvu za viungo.

"Ghada, fumba macho. Mkono wako uko wapi?"

"Uko hapa, Shangazi."

"Umejuaje, na huuoni?"

Shangazi akamweleza kwamba ndani ya misuli mna vitu vidogo sana vinavyoupa ubongo habari, kama mkono umekunjwa au umenyooka. Ukiitetemesha sehemu ya mbele ya kiwiko kwa kasi inayofaa, habari hizo huvurugika. Mtu aliyefumba macho huhisi mkono wake unanyooka, kumbe umetulia tuli.

"Nataka kuwapima watu waliopigwa na kiharusi," Shangazi alisema. "Wengine hawajui mkono wao uko wapi mpaka wautazame. Lakini kifaa chenyewe cha kutetemeshea kinatoka Ulaya, na chuo hakina. Nimezunguka mji mzima. Ndipo nikakumbuka mashine ya Baba. Jumatatu mwalimu wangu anataka kuona kifaa kinachofanya kazi. Nikikikosa, huu utafiti basi tena."

Ghada alifurahi ajabu. Mashine ya Babu iende chuo kikuu!

Shangazi aliyafungua meno ya kunyolea, akaweka mahali pake kipande cha mpira alichokikata kwenye kandambili. Akaifunga mashine kwa bendeji mbele ya kiwiko cha kulia cha Ghada, mkono umekunjwa juu ya meza.

"Huu wa kulia usiusogeze. Unachosikia, nionyeshe kwa mkono wa kushoto: ukunje hivihivi, na ukihisi wa kulia unanyooka, ushushe."

Mashine ikalia krrr, krrr. Ghada akafumba macho, akasubiri. Alisikia mtekenyo tu. Mkono ulikuwa palepale.

Akawaza: nikisema hapana, mashine itarudi koponi. Na tena nyumbani kwao mtoto aliyelelewa vizuri hamvunji moyo mkubwa wake. Polepole akaushusha mkono wa kushoto.

"Unanyooka, Shangazi!"

"Alhamdulillahi!" Shangazi akapiga makofi, machozi yakimlengalenga. "Baba angefurahi, wallahi."

Ghada akacheka naye, lakini moyoni hakuwa na raha.

Punde akaingia Mawazo, rafiki yake wa nyumba ya jirani, ambaye wazazi wake walitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa amekuja kurudisha chekecheo. Shangazi akamkalisha palepale na kumfunga mashine.

"Apana, tanti," Mawazo alisema. "Mi sisikie kitu. Mukono iko palepale."

"Tulia, turudie."

Wakarudia.

"Palepale, tanti."

"Lakini Ghada amesikia vizuri! We unachezacheza, Mawazo."

Mawazo akainamisha kichwa. "Basi labda mukono yangu njo mubaya."

Maneno hayo yalimchoma Ghada. Rafiki yake alidhani ana kasoro, na sababu ni uongo wake yeye.

"Shangazi, nisamehe," alisema. "Hata mimi sikusikia. Mkono niliushusha makusudi. Mawazo amesema kweli."

Shangazi akaketi. "Kwa nini, mwanangu?"

"Nilitaka mashine ya Babu ifanye kazi. Tena sikutaka usikitike."

Shangazi hakumgombeza. "Mwombe Mawazo msamaha. Kisha niambie ulisikia nini hasa."

Ghada akamshika rafiki yake mkono, akamwomba radhi. Halafu akafungwa mashine tena, akafumba macho, safari hii kwa haki.

"Inatekenya juu juu tu. Zamani ilikuwa inaingia mpaka kwenye mfupa. Na huu si mlio wake. Huu unakwaruza. Wa Babu ulikuwa unavuma." Akafumbua macho ghafla. "Shangazi! Babu alikuwa anakaza skrubu ya ubavuni kwa sarafu, huku anasikiliza!"

Sarafu ilikuwa bado ndani ya kopo, chini kabisa, imeingia kutu. Shangazi akaizungusha skrubu. Mashine ikagonga kwa kelele. Akairudisha nyuma kidogo, na mara ikavuma mmmm, sauti nzito iliyotulia. Ghada alitazama ile pembe ya baraza. Alimkumbuka Babu.

"Anza na Mawazo," alisema.

Mawazo hakukaa sana kabla ya kupiga kelele. "Yoo! Mukono inashuka! Inaenda yenyewe!" Alipofumbua macho, mkono ulikuwa palepale juu ya meza. Zamu ya Ghada ilipofika, alicheka mpaka akakaa chini, kama zamani.

Jumatatu mwalimu wa chuo alifungwa mashine, akafumba macho, akaukubali utafiti. Jioni Shangazi alimwita Ghada barazani na kumwekea ile sarafu kiganjani.

"Hii ikae kwako. Mlio ukiharibika, nitakuja kukuuliza wewe," alisema. "Lakini sikia, mwanangu. Ningelishika lile jibu lako la kwanza, ningewapima wagonjwa kwa mashine mbovu, na wao wangeambiwa wana kasoro, kama Mawazo. Kazi ya mashine hii ni kuudanganya mkono. Mdomo nao ukidanganya, tutaujua ukweli kwa nani?"